Nia Hutiwa Kila Usiku: niliyowaambia wazazi Jumamosi, Lamu

Wazazi wenzangu mliokosa Jumamosi, haya ndio niliyoyasema pale uani kwa shule baada ya swala ya alasiri. Mwalimu mkuu kaniomba niyaandike manake wengi walikuwa harusini Shela na wengine walikuwa kazini, basi nimeyaandika vilevile kama yalivyotoka, na mzaha wake na kurudiarudia kwake. Zile picha zilizokuwa zionyeshwe ukutani msizitafute, stima ilikatika kabla sijafungua mdomo, na kwa kweli hazikuwa picha za maana.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, walimu wetu, na ndugu zetu Wakristo mliopanda boti kutoka Mokowe, kule bara, kuja kukaa nasi, karibuni sana, viti havitoshi lakini mikeka ipo.

Nianze na kuwatoa wasiwasi. Mimi si mtaalamu wa malezi, si shekhe, si daktari. Mimi ni karani. Kila asubuhi mwaniona pale jeti nakimbilia boti ya Mokowe, shati halijaingia kwenye suruali, mahamri mkononi, na jioni mwaniona narudi na uso kama mtu aliyetoka kuzika. Nina watoto wanne, mke wangu ni mwalimu, yani nyumbani kwetu hakuna mtu wa kukaa. Sasa mwaniuliza, kama hujui chochote umeitwa kufanya nini? Nimeitwa kwa sababu ya aibu. Kuna kisa kilinipata nyumbani, mke wangu akakihadithia shuleni kwao kama kichekesho, kikazunguka mui mzima, yani mji, na mwalimu mkuu akasema huyu bwana aje akieleze mwenyewe. Basi nikieleze.

Ilikuwa usiku wa katikati ya wiki. Mimi niko chini, kwenye msana, yani ukumbi wetu, nimeegemea mto, simu mkononi, na sikuwa nacheza jamani, nilikuwa najibu mambo ya ofisi kwenye grupu. Simu ikalia, ujumbe wa sauti, namba ni ya mke wangu. Nikaufungua. Sauti si yake, ni ya binti yangu wa kwanza, ana miaka 11. Yuwasema, "Baba, assalaam alaykum, naomba unisainie karatasi ya safari ya shule, mwisho ni kesho." Nikamjibu kwa kidole gumba, ile alama ya sawa, nikaendelea na grupu langu. Dakika mbili zikapita ndio akili ikanirudia. Huyu mtoto yuko wapi? Yuko juu! Yuko dari moja tu juu ya kichwa changu, nikiita ataitika, nikikohoa atasikia!

Nikapanda. Nikamuuliza, mamangu, kwa nini hukushuka ukaniambia? Akanijibu bila hasira, hiyo ndiyo iliyoniuma, bila hasira kabisa, kama anayenieleza saa za boti: "Nilishuka mara mbili ukaniambia ngoja. Kwenye simu wajibu haraka."

Mwacheka. Mimi pia nilicheka, kesho yake. Usiku ule sikucheka.

Sasa niwaulize, na msinijibu kwa sauti, jibuni moyoni. Mimi nilikuwa nimemtupa mtoto? La. Chakula yuwala, ada yalipwa, viatu anavyo. Nilikuwa safarini? La, niko nyumbani kila usiku wa Mungu. Nilikuwa nimenuia kuwa baba wa namna hiyo? Kuna mzazi hapa aliyenuia hivo? Hakuna. Hakuna hata mmoja. Basi tatizo lilikuwa nini? Tatizo ni kwamba sikuwa nimenuia chochote. Siku yaja, yanibeba, yanitua kitandani, kesho yaja nyingine. Gogo lisilo na nanga, maji yakijaa laenda kisiwa cha Manda, yakipwa larudi.

Sasa hapa kwenye neno nia nataka nikae kidogo.

Baada ya kile kisa nilifanya kama wanavyofanya watu wote, nilinunua daftari. Ilikuwa mwisho wa mwaka, nikaandika mambo 21. Naam, 21, na kalamu mbili za rangi. Nitaamka saa kumi, nitafanya mazoezi hadi Shela na kurudi, nitawasomea watoto kila usiku, nitaacha sukari, nitamsaidia mke wangu, nitajifunza kompyuta, nitamtembelea mamangu kila siku. Nikampelekea mamangu daftari nimuonyeshe, manake mtu hata awe na mvi ataka mamake amsifu. Mamangu hasomi herufi hizi, nikamsomea moja moja. Akasikiza mpaka mwisho, akaniuliza, "Hii ni nia ya siku ngapi?" Nikamwambia ya mwaka mzima. Akaguna. Akasema, "Hata Ramadhani hunuii hivo."

Tu!

Waislamu wenzangu mwaijua hii, na wageni wetu nitawaeleza. Sisi huku pwani wengi wetu ni Mashafii, yani twafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na kwetu sisi funga ya Ramadhani nia yake hutiwa kila usiku kabla ya alfajiri. Mwezi una siku 29 au 30, basi unuie mara 29 au 30. Hukunuia usiku mmoja tarehe mosi ukamaliza. Wenzetu Wamaliki, wa madhehebu ya Imamu Malik, wanaruhusu nia moja kwa mwezi mzima, na mashekhe waliokaa pale mbele watanirekebisha nikikosea, lakini sisi, ndio sababu tukimaliza tarawehe imamu hututilisha nia sote kwa pamoja, watoto kwa wazee, usiku wa kwanza, usiku wa pili, usiku wa kumi na tano, maneno ni yale yale. Tangu utotoni nilikuwa nadhani ni kwa ajili ya wanaosahau. Kumbe sote ni wanaosahau!

Na nia ile yasema nini? Haisemi nitakuwa mtu mwema. Yasema nitafunga, kesho. Kitu kimoja, siku moja. Nikalitupa lile daftari, sikulitupa, karatasi ni ghali, mtoto wa tatu alichora mashua ndani yake, na nikaanza kutia nia moja kila usiku baada ya isha kabla sijalala. Sentensi moja. Ndani yake pawe na mtu, pawe na wakati, pawe na kitu. Kesho nitakunywa chai nikiwa nimekaa chini na huyu wa pili kabla hajaenda shule. Kesho nikirudi nitamuuliza binti yangu yule rafikiye waliogombana naye yuko vipi. Kesho nitampigia mamangu kutoka kwenye boti, sio kesho kutwa. Basi. Usiku mwingine nia yangu huwa ndogo mpaka naona haya kuisema hapa, lakini hufanyika. Na ukisema kesho nitakuwa na watoto wangu zaidi, hiyo si nia hiyo, hiyo ni dua. Dua ni nzuri lakini jioni haikukumbushi kitu.

Kuna usiku nasahau. Nasahau sana. Wiki ya kufunga hesabu ofisini mimi nalala na soksi. Sasa nikisahau silii, usiku unaofuata upo, nanuia tena.

Haya, nia umetia, lakini asubuhi waamka na kazi yaingia nyumbani kabla hujanawa uso. Hapo ndipo nilipoiona nyumba yetu kwa macho mapya, na hapa wazee mtanivumilia manake mwayajua haya kunishinda.

Nyumba zetu za mawe za kale, zile wageni wanazokuja kuzipiga picha tangu mji wetu uingizwe kwenye urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001, ile nyumba huingii moja kwa moja. Umewahi kujiuliza kwa nini? Watoka njiani, wapanda ngazi, wakuta daka, yani kibaraza cha mlangoni, na kando zake viti vya mawe. Mgeni wa kupita huishia hapo. Ukivuka mlango waingia tekani, ile sehemu ndogo ya kuingilia, na tekani ina kona, mlango ukiwa wazi aliye njiani haoni ndani, aona ukuta. Ndipo uingie kiwanda, yani ua wa ndani, halafu msana, halafu ndani kabisa. Kila hatua ni kuacha kitu nyuma. Vumbi waliacha huku, biashara waliacha pale, sauti ya sokoni waliacha kule. Mababu hawakuwa wajinga. Walijua mtu akitoka forodhani na kelele zake hafai kumwagwa juu ya mkewe na wanawe moja kwa moja, apunguzwe kidogokidogo.

Na sisi tumefanya nini? Tumeichukua forodha nzima, na bosi, na makarani, na grupu la kamati ya harusi, na siasa, tumevitia mfukoni, tukapita navyo daka, tukapita navyo tekani, tukapita navyo kiwanda, mpaka kitandani. Ukuta wa mawe upana wa mkono na bado bosi yuko chumbani!

Basi nilifanya mambo mawili, yote ni ya bure.

La kwanza, nikitoka boti nakaa dakani kwangu dakika tano kabla ya kuingia. Nakaa tu. Simu naimaliza hapo hapo, wa kujibiwa najibu, wa kesho namwambia kesho, halafu nakaa natazama punda wanapita. Siku za kwanza majirani walidhani nimegombana na mke wangu nimefungiwa nje. Mzee mmoja, naye yuko hapa, alikuja kunisuluhisha! Alikuja na kahawa kabisa. Nikamwambia ami, hakuna kitu, nangojea mwili wangu ufike. Akakaa nami. Siku hizi tuko watatu.

La pili ni kidaka. Wenye nyumba za kale mna zidaka ukutani, vishimo vile vya kuwekea sahani za kaure na taa, na asiyenavyo atafute kibao, atafute kikapu, yoyote. Kidaka cha karibu na mlango ni cha simu. Adhana ya maghribi, simu yangu yaingia kidakani. Adhana ya isha, yatoka. Ni saa moja na kitu tu baina ya adhana na adhana, na uzuri wa huku kwetu karibu na ikweta jua halina mchezo, kusi na kaskazi, mwaka mzima, maghribi haisogei zaidi ya kama nusu saa. Hata mtoto asiyejua saa ayajua mawili hayo. Huhitaji alamu, huhitaji programu ya simu ya kukukataza simu, manake nasikia nazo zipo. Waadhini wetu wapo, na vipaza sauti vyao twavijua.

Sasa mtaniambia, na dharura je? Haki kabisa. Simu ile huiweka ilie kwa namba tatu tu, ya mamangu, ya mke wangu, na ya mkubwa wangu mmoja wa kazi. Wiki ya kwanza yule mkubwa alinipigia mara sita ndani ya saa ile moja. Mara sita! Nikakimbia kidakani nikidhani ofisi imeungua. Alikuwa atafuta faili. Faili lilikuwa mezani kwake. Nikamtoa kwenye orodha, zikabaki namba mbili, na mpaka leo ofisi iko palepale Mokowe, haijazama.

Na mnajua wanangu walifanya nini siku ya kwanza simu ilipoingia kidakani? Hawakufanya chochote. Nilikaa mkekani kama bwana harusi nikingoja waje wanizunguke. Hawakuja. Walizoea kwamba mimi ni mto ulioegemezwa ukutani. Ilichukua kama wiki mbili, ndipo yule mdogo akaja na kiatu kilichokatika mkanda akaniweka mbele bila kusema neno. Nikakishona. Nilishona viatu vitatu wiki ile, viwili nadhani vilikatwa makusudi.

Haya. Hapa kuna mtu ameinua uso nimemuona, yuwasema moyoni, wewe ni karani, watoka saa kumi na moja, mimi je? Mimi ni muuguzi, mimi ni askari, mimi niko jikoni hotelini, mimi ni nahodha wa boti, maghribi yangu haijui nyumbani ni wapi. Haki yako. Kwako wewe nina kisa cha babangu, Mungu amrehemu.

Babangu alikuwa mvuvi wa uzio. Wenye umri wangu mwaujua, ule wigo wa fito watiwa kwenye mkondo kwa upande wa mikoko, maji yakijaa samaki huingia, yakipwa hubaki ndani, nawe waenda kuwatoa. Sasa maji hayana ofisi. Leo yakipwa saa nne, kesho yatapwa karibu saa tano kasoro, yachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hivo babangu wiki hii aondoka asubuhi, wiki ijayo aondoka usiku wa manane, na bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukijaa, ndio kabisa humuoni manake maji yakipwa yapwa mpaka mbali na kazi ni nyingi. Mtu wa zamu kuliko wote! Hakuna taimtebo ya hospitali inayofika ile.

Na pamoja na hayo sisi watoto tulikuwa twajua saa atakayokuwa nyumbani, kila siku. Kila siku! Tulikuwa twaenda ukingoni twatazama maji. Maji yamekaribia ngazi za jeti? Baba amesharudi, kimbia. Maji yamepwa matope yaonekana? Baba yuko uzioni, cheza. Tukimuuliza utarudi lini alikuwa hasemi baadaye, hasemi nitakuja, alikuwa asema maji yakifika kwenye ngazi ya tatu. Na akirudi, hata kama ni saa nane za usiku, kulikuwa na samaki, tafi wa kuchoma, na yeye mwenyewe alikuwa akiwachambua miba akitugawia, tukala na usingizi machoni. Mamangu aligomba, watoto walale, lakini alikuwa akituamsha yeye.

Mnaona? Mimi saa zangu za ofisi hazisogei na wanangu walikuwa hawajui nitapatikana lini. Babangu saa zake zilisogea kila uchao, nasi twajua mpaka ngazi. Basi wewe wa zamu, usijilaumu kwa saa usizokuwepo, wape watoto ngazi ya kutazama. Kuna mama jirani yetu yuwafanya kazi hotelini Shela, zamu zake zabadilika kila wiki, amebandika kalenda mlangoni mwa jikoni, siku yuko asubuhi achora jua, siku ya usiku achora mwezi, na siku ya mapumziko mtoto wake mwenyewe huchora samaki, kwa nini samaki sijui, niulizeni huyo mtoto. Lakini ana miaka mitano na aweza kukwambia mamake atakuwa nyumbani siku gani. Mimi hapo nina deni, bado kalenda yangu sijabandika, na mke wangu anitazama sasa hivi.

Ameniangalia, basi nifike kwake.

Mnamjua punda wetu. Siku moja nachelewa boti, niko kwenye kichochoro, punda mmoja amebeba viroba vya mchanga wa ujenzi, kafika katikati kalala. Kalala kabisa, njia imezibwa, mbele watu, nyuma watu, mimi saa ndio hiyo. Kijana mwenye punda hakumpiga. Alishusha kiroba kimoja akakitia begani kwake, punda akasimama kama hakuna lililotokea. Nilichelewa boti ile, na nikakaa jetini nikimuonea wivu punda. Manake yeye akizidiwa hulala. Mimi nikizidiwa husema inshallah nitakuja.

Mui wetu huu kusema la ni kazi. Kila mtu ni ami, kila mtu ni mjomba, harusi moja siku kadhaa, na kila harusi ina kamati, na kila kamati ina grupu, na Maulidi yakija ndio usiseme. Nilihesabu magrupu, nilikuwa kwenye 34. Nilijitoa kwenye 20, na aliyenuna ni mmoja tu, naye alininunia kwa sababu nyingine. Nikajifunza kusema "la" ya upande mmoja, nikahi nitakuja, kamati sitaingia, sahani yangu ya mchango hii hapa. Watu hupokea. Wataka kukuona na wataka mchango, vikao vyenyewe hata wao hawavitaki.

Lakini huo ulikuwa mzigo wangu mimi, na mzigo wangu ulikuwa wa baraza. Kila baada ya isha, barazani mpaka saa tano, kahawa tungu na bao na kupanga serikali. Sisemi baraza ni mbaya, baraza ni chuo, nimesoma mengi pale. Ila usiku mmoja nilirudi mapema, mvua, nikamkuta mke wangu amesimama. Amesimama akanda unga wa mahamri ya asubuhi, pembeni ana madaftari ya wanafunzi wake arubaini na kitu yangoja kusahihishwa, na mguu mmoja apembeza susu, kitanda cha kuning'inia, la mtoto. Nikamuuliza, tangu lini hujakaa? Akafikiri. Alifikiri kweli, hakuwa akinisema. Akasema, "Kwenye boti Jumatatu."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, wanaume wenzangu.

Twazungumza hapa mzazi aishi kwa nia, apange siku yake, ajue alitakalo. Huyu atapanga saa ngapi? Atatia nia gani na mikono yote iko kwenye unga? Nusu ya mama zetu waliokaa mikekani hapa hawahitaji hotuba yangu, wahitaji mtu ashushe kiroba kimoja akitie begani kwake. Nilichukua vyombo vya usiku. Vyombo, naam, sahani na sufuria. Cheka tu ami, nakuona. Nikachukua na sare za shule na viatu, kila usiku jozi nne hupangwa mstari chini ya kidaka, manake kiatu kimoja kilichopotea asubuhi kilikuwa chatugombanisha nyumba nzima na boti yakaribia kuondoka. Hilo la viatu ni dogo lakini asubuhi zetu zimetulia, mtoto ala mahamri akiwa amekaa. Barazani naenda usiku mbili kwa wiki, nao wamenizoea, wanaitwa wenzangu wengine kuja kushindwa bao badala yangu.

Na mke wangu akipata ile saa anafanya nini? Nilidhani atasahihisha madaftari. Yuwalala. Siku za mwanzo alikuwa alala pale pale mkekani kabla ya isha, na sinia la wali liko mbele, watoto wamwangalia. Mimi nilikuwa nimemtungia mipango mizuri ya mazungumzo ya mke na mume, kumbe mtu alikuwa na deni la usingizi la miaka kumi na mbili. Tukamuacha. Sasa hivi aamka, aongea, na mengine aongea ambayo singependa kuyasikia, ila hayo hayakuwa kwenye hotuba.

Naona mwalimu mkuu yuwatazama saa. Kulikuwa na swali kabla sijakaa.

Mama mmoja wa nyuma, alikuja na mtoto mgongoni, akauliza hivi: yeye ni peke yake, mume hayupo, auza viazi vya karai na bajia jioni kuanzia alasiri mpaka usiku, maghribi ndio saa ya wateja, kidaka hana na mtu wa kumshushia kiroba hana, afanye nini? Nilinyamaza kidogo, sikuwa na jibu na nilimwambia hivo. Nikamuuliza, mtoto wako mkubwa yuko wapi saa hizo? Akasema yuko nami, yuwamenya viazi. Mwazungumza? Akasema, "Huyo? Hanyamazi." Nikamwambia basi mama, wewe wanishinda, njoo hapa mbele unifundishe. Watu wakapiga makofi. Lakini nawaambia nyinyi msiokuwepo, kuchoka kwake hakukuondoka kwa makofi, na wanaume wawili wa kamati ya wazazi wameahidi kumtengenezea meza na kibanda cha kuzuia upepo wa kusi kabla shule hazijafungwa. Mimi nimo. Tutakutana Ijumaa baada ya swala ya Ijumaa pale Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome, mwenye msumari au ubao wa ziada aje nao.

Sasa niacheni niondoke. Maji yamejaa, nilimwambia yule mdogo yakifika ngazi ya tatu nitakuwa jetini na ndoana, na kutoka hapa nayaona yameshapita ya pili. Simu sikuja nayo, iko kidakani, kwa hivo mwenye swali jingine anitafute baada ya isha, na kama ni ile faili, iko mezani.